Alishika Breki

Fundi hakutaka kuletewa gari ambalo injini yake bado ina moto. Ukifika kwake mtaa wa Kaloleni, hapa Voi, katikati ya asubuhi, umetoka kuliendesha, alikwambia uliache pale uende zako, urudi kesho.

"Gari ikiwa moto inadanganya," alisema. "Kila kitu kinateleza vizuri. Wacha ilale, tuiamshe tukiwa wawili."

Kesho yake saa moja ulimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, hajagusa kitu. Alikungoja uwashe mwenyewe, naye akainamisha kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Mlio wa kwanza ndio aliouamini. Kisha alizunguka nyuma, akaukinga moshi kwa kiganja na kuunusa. Moshi wa bluu, injini inakula oili. Moshi mweupe usiokwisha, maji yanaingia pasipotakiwa. Hayo yote aliyasema kabla hujamaliza kumsalimu.

Jina lake naliacha. Mafundi wa magari wako wengi Voi, mji wenyewe ukiwa umelala kando ya barabara ya malori, lakini ukisema "nimepeleka kwa Fundi" hakuna aliyekuuliza yupi. Heshima hiyo mimi ndiye niliyemwondolea, na ndiyo sababu ninaandika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Nalisema hilo mapema kwa kuwa kosa langu nililifanya kwa Kiswahili, kwa maneno niliyoyachagua vizuri.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye ovaroli iliyofuliwa kila siku hadi rangi yake haijulikani. Kabla ya kula alisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka ngozi ikapasuka, na hata hivyo aliuficha mkono wa kushoto alipokuwa akila na wageni. Gereji yake ilikuwa uwanja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, na shimo alilolichimba mwenyewe, lenye ngazi tatu za saruji, ili asimame chini ya gari badala ya kulala. Akiwa shimoni aliimba nyimbo za kanisani, vibaya sana. Wimbo ukikatika katikati ya ubeti, ulijua ameona kitu ambacho hutafurahi kukisikia.

Miaka hiyo sote tulitaka gari la juu, lile kubwa la kupandia milima. Walimu, wauguzi, maofisa wa kaunti, hata mchungaji wake. Kila mtu alikuwa na sababu: barabara za milimani, mvua, misiba ya Taveta. Sababu ya kweli ni kwamba ukishuka kutoka gari la namna ile watu hukutazama kutoka chini. Hatukuwa na uwezo wa jipya, kwa hiyo tulinunua yaliyokwisha kuendeshwa Japani, au yale yaliyokwisha kuendeshwa Japani na Nairobi pia, halafu tukampelekea Fundi ayaangalie. Wengi tulimpelekea baada ya kununua, na hilo lilimkera kuliko kitu chochote.

"Nyinyi mnaoa kwanza," alisema, "halafu ndiyo mnauliza ukoo."

Ungedhani ataanzia kwenye injini. Alianzia kwenye mikanda ya viti. Aliuvuta mkanda hadi mwisho wake kabisa, ile sehemu ambayo huwa haitoki kamwe, akatafuta mstari wa tope. Mstari ukiwepo, gari liliwahi kuingia kwenye mafuriko, na muuzaji aliosha kila kitu isipokuwa pale. Akainua zulia, akanusa. Akatazama mpira wa pedali: kama mita inasema gari limetembea kidogo na mpira umelika hadi chuma, basi mita ilirudishwa nyuma. Akasoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa kuwa tairi laweza kuwa na meno yote na bado likawa zee. "Mpira haufi kwa safari," alisema. "Unakufa kwa miaka." Ndipo aliposhuka shimoni kutazama kutu kwenye chesisi, bushi, shokabu, vizibo vya mpira vinavyovuja oili, na mipira yote ya breki.

Ushauri wake kwa mnunuzi ulikuwa mmoja: kila kilicho majimaji kimwagwe. Oili ya injini, ya gia, ya difu kule nyuma, maji ya radieta, mafuta ya breki. "Mwenye kuuza akikwambia amebadilisha oili juzi, mwambie asante. Halafu badilisha." Mkanda unaoendesha injini ubadilishwe hata kama unaonekana mzima, kwa maana hutajua umri wake mpaka ukatike, na ukikatika umekatika na injini. Chujio la hewa lipulizwe kila wiki, maana vumbi jekundu la Voi haliombi ruhusa. Na ile gia ya magurudumu yote manne itumike angalau mara moja kwa mwezi, hata kama huna tope. "Kitu hukitumii," alisema, "siku unakiita, kinakuangalia tu."

Kuna muuguzi mmoja aliyekuwa na busara kuliko sisi, akamwomba wafuatane Mombasa kabla hajalipa. Gari lilikuwa jeupe, linang'aa. Fundi alifungua mlango, akaingiza kichwa chini ya kiti cha dereva, akakaa hivyo muda mrefu hadi muuzaji akamuuliza kama anasali. Fundi akatoa kichwa. "Hii ilioga," akasema, "na haikuoga kwa mapenzi yake." Muuzaji alimtukana hadi getini. Muuguzi alitusimulia kwamba Fundi hakujibu hata neno moja.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo sikulielewa kwake. Ulimi wake juu ya magari ulikuwa mkali hadi kuaibisha watu. "Nani alikuuzia hili jeneza?" alimuuliza mchungaji wake mbele ya waumini. Lakini juu ya nafsi yake mwenyewe hakuwa na ulimi kabisa. Mkandarasi mmoja alimshutumu kwamba jeki ya gari lake imeibwa gerejini. Fundi alimtazama, akaenda dukani, akamnunulia nyingine. Baada ya wiki mbili jeki ikaonekana chini ya kiti cha nyuma cha gari lilelile. Mkandarasi alirudisha ile mpya akicheka, bila kusema samahani. Nilikuwapo. Nikamuuliza Fundi kwa nini hakujitetea tangu mwanzo.

"Mwalimu, ukibishana na mtu amekuita mwizi, watu wanaona wawili wanabishana. Hawaoni nani ndiye mwizi."

Niliyaona ni maneno ya hekima, nikawasimulia wanafunzi wangu darasani. Baadaye niliyategemea.

Alikuwa na leseni ya udereva tangu ujana lakini aliiogopa barabara kuu. Gari lililotengenezwa alilijaribu ndani ya Kaloleni tu, polepole, wanawake waliobeba maji wakimpita. Kanisani alikwenda kwa miguu, nyuma ya mke wake. Mke alikuwa mrefu kumzidi, mwenye sauti, mshonaji wa sare za shule. Yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mteja, "Mzee wangu anamaanisha hivi," pale Fundi alipokwisha kumkasirisha. Saa saba alileta chakula uwanjani na kumlazimisha kila aliyekuwapo ale. Nimekula chakula chake mara nyingi, siwezi kuhesabu.

Nilimfahamu Fundi miaka kumi na mmoja. Alililea gari langu dogo la kwanza mpaka lilipokufa kifo cha uzee. Kisha nami nikanunua gari la juu.

Nililinunua bila kumwambia. Najua sababu: niliogopa atanikataza. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mazuri, nami mtu wa maneno hupenda maneno. Gari lilikuwa la rangi ya fedha, refu, na nilipoliingiza shuleni wanafunzi walikimbilia madirishani. Niliendesha hivyo siku nne. Ijumaa jioni nikalipeleka kwa Fundi, kwa namna ya mtu anayepeleka kitu kisifiwe.

Jumamosi asubuhi walikuwapo wazazi wawili wa shule yetu, wakingojea magari yao. Fundi alivuta mikanda, akanusa zulia, akatazama pedali. Akaanza kucheka.

"Mwalimu, walikuuzia rangi."

Wazazi wakacheka. Mmoja akarudia, "Rangi!" Uso wangu uliwaka. Fundi hakuona, alikuwa ameshashuka shimoni, akaanza wimbo, na wimbo ukakatika kwenye mstari wa pili.

"Njoo uone."

Sikutaka kushuka. Nilishuka. Alimulika kwa tochi mpira wa breki wa nyuma kushoto, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu. Ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mtu wa shamba, na mahali pamoja umevimba.

"Hapa ndipo pressure ya mafuta itatokea," alisema. "Na hayo mafuta yenyewe ni meusi kama kahawa. Mpira nitaagiza Mombasa, utakuja na basi Jumanne. Kabla ya hapo hii gari haipandi mlima. Hapa chini unaweza kuikokota mpaka sokoni ukitaka. Mlima, hapana."

"Kesho namchukua mama."

"Mchukue na teksi."

Mama yangu anaishi Mbololo, juu, mahali barabara ya udongo inapojikunja kabla ya kufika kanisani kwao. Nilikuwa nimemwahidi kwamba baada ya ibada nitamshusha mjini kwa gari langu, ale chakula kwa ndugu yangu mdogo. Alikuwa amekwisha kuwaambia majirani. Nikifika na teksi, nitawaambia nini? Na niliendelea kuisikia ile sauti ya mzazi: Rangi!

Jumapili asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Fundi, nyuma ya gereji. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisa, mke ndani akitafuta kitambaa cha kichwa.

"Nimekuja kuchukua ufunguo, Fundi. Nalipeleka nyumbani tu, nikalioshe."

Akanitazama. "Nyumbani?"

"Nyumbani tu."

Akatazama saa yake, kisha akaingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo. Nikashukuru. Njiani nilijiambia kwamba sikusema uongo. Mtu wa Mbololo akisema nyumbani, anamaanisha wapi kama si Mbololo? Nilijisikia mwerevu kwa jibu hilo. Nilikuwa nalikariri nikipanda mlima, na gari lilipanda vizuri, likinguruma, watoto wakipunga mikono.

Mama alivaa leso yake mpya. Alipanda kwa kusukumwa, akicheka, kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno. Wanawake wenzake walisimama kando ya barabara kututazama tukiondoka. Kwenye kona ya kwanza pedali ilikuwa laini kidogo. Kwenye ya pili ilishuka zaidi, nikaipampu ikarudi. Kwenye ya tatu ilikwenda hadi sakafuni na kubaki huko.

"Mbona unaenda mbio?" mama aliuliza.

Nilivuta breki ya mkono, nikashusha gia. Kushoto palikuwa na ukuta wa mlima, kulia hapakuwa na kitu. Nikalitupa gari kwenye ukuta huo. Lilikwaruza, likaruka, likagonga jiwe kwa upande wa mama, likasimama limelala ubavu. Mimi nilichubuka mkono. Mama alivunjika mfupa wa paja.

Hakulia. Alisema tu, mara tatu nne, "Wewe uko mzima?"

Hospitalini ndugu yangu alifika akihema, shati nje. Alinikuta kwenye benchi la korido pamoja na jamaa na watu wa kanisa waliotufuata. Akaniuliza mbele yao wote:

"Si ilikuwa kwa Fundi jana?"

"Ilikuwa kwa Fundi," nikasema.

"Na breki? Alishika breki?"

Nilikuwa na nafasi ya kujibu kwa njia nyingi. Nimeifundisha lugha hii miaka mingi, najua neno lina milango mingapi. Kushika ni kugusa. Kushika ni kufanyia kazi. Fundi alikuwa ameugusa ule mpira kwa vidole vyake, nikiona.

"Alishika," nikasema.

Neno hilo moja tu. Kila mtu pale koridoni alilisikia kwa maana niliyojua atalisikia. Ndugu yangu alitoka palepale. Baadaye nilisimuliwa kwamba alimkuta Fundi akitoka kwenye ibada ya jioni, akamtukana mbele ya waumini, akamwita muuaji wa mama za watu. Fundi alikuwa amesimama na kitabu cha nyimbo mkononi. Aliuliza swali moja tu: "Mama yuko aje?"

Hakuja kwangu. Hakumwambia mtu kwamba alinikataza. Nilingoja aseme, kwa siku tatu nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kumjibu, na hakusema, na siku ya nne nilijua kwamba hatasema. Nafuu niliyoipata siku hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko hata lile neno lenyewe.

Mji mdogo haupigi kura, lakini huamua. Shule yetu ilihamisha basi lake kwa fundi mwingine, na walipoomba maoni yangu nilisema sina maoni. Yule muuguzi aliyekwenda naye Mombasa alihamia kwa fundi mwingine. Mchungaji alihama kwa upole, kidogokidogo. Uwanja nyuma ya kinu ukabaki na pikipiki mbili na lori lililokufa zamani. Gari langu nililipeleka kwa kijana wa upande wa pili wa mji, akalitazama chini, akauliza, "Fundi wako hakuona hii kitu?"

Nikajibu, "Labda."

Mke wa Fundi alikuja hospitalini kila siku kwa majuma mawili. Alileta uji wa wimbi kwenye chupa, akamnywesha mama, akamwosha miguu, akamsuka nywele. Siku ya kwanza alinikuta peke yangu mlangoni, akapiga magoti pale sakafuni, mwanamke mrefu vile.

"Mwalimu, mzee wangu aliteleza. Hasemi, lakini halali. Tusamehe."

Nilimshika mkono nikamwinua. Nilimwambia, "Yameshapita, mama. Nimewasamehe."

Nilimsamehe.

Mwaka uliofuata walihama Voi. Nilisikia wamekwenda Mata, karibu na mpaka, ambako wakulima wa ndizi na nyanya walihitaji mtu wa kutengeneza pampu za maji. Mama alipona akatembea kwa mkongojo. Kila alipomwombea mtu kanisani alimwombea na "yule fundi, Mungu amrehemu, hakukusudia." Nilikuwa nikikaa benchi lilelile nikiitikia amina. Gari nililirekebisha, nalo ninalo hadi leo. Nilimwaga kila kilicho majimaji, nikabadilisha mipira yote, mkanda, tairi za zamani. Chujio nalipuliza kila wiki. Gia ya magurudumu manne naitumia kila mwezi. Hakuna mteja aliyewahi kumtii Fundi kama nilivyomtii baada ya kumharibia jina.

Miaka mitano ilipita hivyo. Kisha nikatumwa kusimamia mitihani katika shule moja ya huko Mata. Siku ya mwisho tulimaliza mapema, kabla ya adhuhuri. Nilipokuwa nikiondoka nilimwona kando ya mfereji, amepiga magoti mbele ya pampu, mgongo kwangu. Nilimjua kwa ovaroli. Nikapita. Nilikwenda kama kilomita mbili nikijiambia kwamba nina haraka, kisha nikasimamisha gari, nikakaa, nikageuza.

Alikuwa amezeeka kupita miaka mitano. Alifuta mikono kwa nyasi kabla ya kunipa mkono.

"Mwalimu. Mama yuko aje?"

"Anatembea na mkongojo."

"Mungu mkubwa."

Nilikuwa nimepanga utangulizi. Haukutoka. "Fundi, nilikudanganya ile Jumapili. Halafu hospitalini nikasema uliishika breki. Nilijua watakavyoelewa."

Alitazama pampu yake. "Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mke wangu angeenda mbio kumwambia mama yako. Yule mama alikuwa amevunjika mguu. Nimvunjie na mtoto?" Akakaza nati moja kwa vidole. "Na mimi nilikupa ufunguo. Ulisema nyumbani, nikajua ni nyumbani gani. Nilichoka kubishana na wewe, na nilikuwa nachelewa kanisa. Kwa hivyo usinifanye malaika. Mguu wa mama, mkono wangu pia uko hapo."

Yeye akaendelea, sauti ikiwa chini.

"Mimi nilijua, Mungu alijua. Mke wangu ndiye hajui. Miaka yote hii anafikiria nilimvunja mama ya mtu kwa uzembe. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Lakini pampu nikimaliza, anatuma mtu mwingine aiangalie tena. Anadhani sioni."

"Yuko wapi?"

Alinionyesha nyumba kwa kidevu.

Nilimkuta jikoni akimenya ndizi mbichi. Alinyanyuka kwa furaha, "Mwalimu! Karibu!" akatafuta kiti. Nilikataa kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na safari hii sikuchagua maneno. Alikuwa bado ameshika kisu. Nilipomaliza alikiweka juu ya maganda, taratibu.

"Nilipiga magoti mbele yako," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniinua."

"Ndiyo, mama."

Alitazama kupitia mlangoni, kule mferejini alikoinama mumewe. Alimtazama kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. Kisha akauliza, "Mama yako anajua?"

"Hajui."

Akanawa mikono. Akavaa viatu. "Hiyo gari iko na nafasi?"

"Iko."

"Basi twende Mbololo. Leo. Utamwambia wewe. Mimi nitakaa tu hapo nisikie umesema."

Alimwita mumewe kwa Kidawida, lugha ya kwao, maneno mawili, na Fundi akaacha pampu wazi akaja. Tulipita Maktau, Bura, Mwatate. Walikaa nyuma wote wawili. Kwenye kioo niliona mke ameushika ule mkono wenye ngozi iliyopasuka, ameuweka mapajani mwake.

Mama alikuwa ukumbini akichambua maharagwe. Alipowaona alianza kutafuta mkongojo ili asimame, na mke wa Fundi akamzuia, akaketi kando yake. Fundi alibaki uani. Nilipiga magoti kwenye saruji nikamwambia mama yote: onyo la Jumamosi, ufunguo, benchi la korido, neno nililosema, neno nililolinyamazia. Nilimwambia kwamba dua zake zote kwa yule mtu nilizisikia nikaitikia amina.

Vidole vyake viliendelea kuchambua maharagwe mpaka nilipomaliza, kisha vikaacha. Akasogea kwenye benchi ili mke wa Fundi akae vizuri zaidi, akauchukua mkono wake.

"Toka nje kidogo," akaniambia, bila kunitazama.

Nilitoka. Fundi alikuwa amekaa juu ya jiwe la kufulia. Nikasimama karibu naye. Ndani wanawake walizungumza kwa Kidawida, chini chini, na kuna wakati mmoja wao alilia, sikuweza kujua ni yupi. Jua la alasiri lilikuwa kali bado.

"Usiingie mpaka wakuite," Fundi alisema.

"Asante."

"Sijasema kwa ajili yako."

Nilisikia sufuria ikitelekwa motoni, kuni zikivunjwa, harufu ya majani ya chai. Kisha sauti ya mama ilitoka mlangoni, ile sauti aliyokuwa akituitia sisi watoto tukiwa shambani:

"Baba Fundi! Ingia ndani, unywe chai!"

Fundi alisimama, akapangusa miguu yake kwa makini kwenye gunia la mlangoni, mmoja kisha mwingine, akainamisha kichwa na kuingia. Niliwasikia wakisogeza viti. Nilihesabu vikombe vikiwekwa mezani, kimoja, viwili, vitatu. Nikabaki nimesimama uani.